Siku Iliyo Bora Katika Umri wa Mtu



Kijana mmoja katika wale wanaohudhuria darasa letu baina ya Magharibi na Isha alitujia mwezi wa Julai 2024 na suala aliloliona yeye kuwa ni jepesi. Alikuwa amekwisha kuposa na kukubaliwa, na siku ya nikahi imekaribia. Yeye na dada yake wamerithi kwa marehemu baba yao nyumba ya vyumba vinne hapa mjini, na mnunuzi ametokea. Dada mtu ameridhia nyumba iuzwe. Si hivyo tu, ameridhia pia sehemu yake ya fedha itumike katika harusi ya nduguye, naye alipwe pole pole hapo baadaye. Kijana akataka kujua kama katika jambo hilo mna haramu. Nasi kabla ya kufungua kinywa akatuongezea: "Sheikh, hii ndiyo siku ya furaha kuliko siku zote za maisha yangu. Haitanirudia tena."

Upande wa sharia hatukupata taabu. Mali ya mwanamke ni yake, na akitoa kwa radhi yake ni halali kwa aliyepewa. Walakini wanavyuoni wetu wametahadharisha tangu zamani kwamba kitu kitolewacho kwa kuona haya hakina tofauti na kile kilichonyakuliwa. Tukamwuliza: "Je, ulipomtaka dada yako fedha hizo, ulimwachia mlango wa kusema la?" Akainamisha kichwa, hakujibu. Lakini lile neno lake la mwisho ndilo lililotushinda. Siku hiyo haijafika. Vipi mtu ataijua siku isiyofika kuwa ni bora kuliko zote? Nani aliyempa khabari hiyo?

Twawajua waliompa. Amepewa na wenye kukodisha mahema na viti, na wapambaji, na wapiga picha, na kadi za mwaliko, na mashoga wa bibi arusi, na jirani aliyeoza mwaka jana kwa kishindo. Wote hao wamekubaliana juu ya siku moja, na wameitia bei. Wala asitufahamu mtu vibaya akadhani kuwa sisi twachukia watu kufurahi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamrisha Abdulrahman bin Auf alipooa afanye karamu japo kwa kondoo mmoja. Karamu ya harusi ni sunna, na uso mkunjufu siku hiyo ni katika adabu. Lakini kwa kondoo mmoja hapana haja ya kuuza nyumba ya mtu.

Na lau kama mali na fahari ndizo ziletazo siku hizo, basi Abdulrahman wa Tatu, aliyetawala Kurtuba katika nchi ya Andalusi tangu mwaka 912 hata 961 wa Miladi, na akajijengea mji mzima wa Madinat az-Zahra, angelikuwa nazo nyingi zisizo na hisabu. Wanahistoria wamepokea kwamba baada ya kufa kwake ilionekana hati ya mkono wake, humo amehisabu siku zilizompitia zikiwa safi, hazina doa, katika muda wa karibu miaka 50 ya utawala. Zilikuwa 14.

Mwezi uliofuata, Agosti, tulikuwa na safari ya bara. Mwanafunzi wetu wa zamani afundishaye chuo Bungoma alituita tukakae na watu wake siku chache, nasi tukaazimia kupitia kwanza Kitale, kwa jamaa waliohamia huko zamani kwa biashara. Suala la kijana tukalitia mfukoni pamoja na nauli. Kila tuliyekaa naye tulimwuliza: katika umri wako wote, siku gani ulifurahi zaidi? Kwetu ilikuwa ni njia ya kupitisha safari. Hatukujua kuwa suala hilo litatugeukia wenyewe.

Garimoshi la abiria halifiki tena Kitale, ijapokuwa reli ilifika huko tangu 1926. Tulikwenda kwa basi kutoka Nairobi, usiku kucha. Mji uko juu, kiasi cha mita 1,900, na mtu wa Mombasa ashukaye huko alfajiri hujuta kuwa hakuchukua blanketi. Jirani yetu ndani ya basi, mwalimu wa shule, alitujibu bila ya kufikiri kwamba siku yake ni ile aliyopata barua ya ajira baada ya kungoja miaka sita. Mwanamke aliyekaa mbele yetu, ambaye hatukumwuliza bali alijitia mwenyewe katika mazungumzo, alisema siku yake bado, na kwamba ikifika atatupigia simu. Watu wakacheka mpaka tukafika Nakuru.

Sasa, 2024 ni mwaka wa shufwa, yaani ugawanyikao kwa mbili, na Wabukusu huwatahiri vijana wao mwezi wa Agosti wa mwaka wa shufwa. Kwa hiyo njia zote za Kitale na Bungoma tulikutana na makundi. Mbele kijana, kifua wazi, amevaa shanga, akigonga kengele za chuma mikononi. Nyuma yake ndugu na majirani wakiimba na kukimbia. Nasi watu wa pwani khitani twaijua, ni sunna kwetu, lakini wana wetu hutahiriwa wangali wadogo, mikononi mwa daktari au ngariba, na wengi hawakumbuki chochote. Huyu wa huko hutaka mwenyewe. Humwendea babake akasema: nimekuwa, nataka. Kisha huzunguka kwa jamaa mmoja mmoja kuwaalika, na hana budi kwenda kwa mjomba wake, kaka wa mama, ambaye humchinjia na kumvika nyama shingoni. Usiku watu hukesha. Alfajiri hupelekwa mtoni akapakwa matope ya baridi, akarudi kwa miguu hata uani kwa babake, akasimama wima mbele ya watu wote, hakushikwa wala hakufungwa, na akipepesa jicho aibu humfuata hata uzeeni. Tukasema nafsini mwetu: hawa hapana haja ya kuwauliza, siku yao ni hii.

Jamaa zetu walitupeleka kwa mzee mmoja upande wa Kiminini, ambaye wao hununua mahindi kwake. Umri wake wakaribia miaka 80, na ni mtu wa maneno machache. Tulimkuta amekaa kibarazani, shamba mbele yake limesimama kijani mpaka macho yanapokoma. Tukamwuliza suala letu. Akasema ni siku aliyotahiriwa, Agosti 1960. Tukatazamana na wenzetu kama watu waliobashiri sawa. Lakini mzee hakuwa amemaliza.

Alisema mama yake alikuwa na kaka mmoja tu. Huyu mjomba alimdai babake ng'ombe mmoja wa mahari, na babake akishika kuwa ng'ombe huyo alikwisha tolewa, akafa njiani, na aliyekufa njiani si deni tena. Kwa ajili ya ng'ombe huyo mfu wakwe wawili hawakusemezana miaka saba, na mama mtu akaishi miaka yote hiyo katikati yao. Ikafika zamu ya mtoto. Kutahiriwa bila ya mjomba haiwezekani, na babake hawezi kwenda kuomba. Basi mtoto akaenda peke yake na kengele zake, na njia nzima, alisema, alikuwa akitetemeka, si kwa khofu ya kisu, bali kwa khofu ya uso wa mjomba. Mjomba akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akaingia zizini, akatoa fahali ambaye si mdogo. Na kesho yake alfajiri, watu waliporudi mtoni, mjomba alikuwa amesimama uani kwa babake, viatu vimelowa umande. "Kisu sikukisikia, Sheikh," mzee alisema. "Watu walinisifu kuwa sikupepesa macho. Nilikuwa nawatazama wao wawili." Kazi ilipokwisha babake alichukua maji akamnawisha mjomba mikono, wakala katika sahani moja. Mama yake akaingia jikoni akalia, na hapana aliyemwuliza sababu.

Sisi tulidhani mtu kama huyu angetaja siku ya shamba, tukamwambia hivyo. Ni lazima msomaji wa pwani aijue kwanza khabari ya ardhi hiyo. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza serikali ya Kiingereza iligawa mashamba ya nyanda za juu, na hapo Trans Nzoia pamoja nazo, kwa askari wa Kizungu waliotoka vitani. Mwaka 1919 walipigiwa kura, na mtu aliyetoa nambari nzuri akapata maelfu ya ekari ambazo hajapata kuziona. Waliokuwa wakilisha ng'ombe wao humo hawakuwamo katika kura hiyo. Wengine, na hao wa Bukusu wakiwamo, waliingia katika mashamba hayo kuwa maskwota, wanalima kipande kidogo na kumtumikia setla kwa malipo yake. Mzee huyu alizaliwa katika kibanda cha skwota. Tangu 1962 mashamba mengine yalianza kununuliwa kwa masetla na kukatwa vipande, Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na miaka michache baadaye babake akawa katika waliopata.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba siku waliposhusha mabati ya nyumba mpya, mtu mmoja alikuja akasimama penye ua. Mtu huyo na babake walichunga ng'ombe wa setla mmoja kwa miaka mingi, wakala ugali mmoja, wakachapwa kwa kosa moja. Babake alipata, yule hakupata. Sababu yake mzee haijui mpaka leo. "Hakututukana wala hakuomba. Alisimama mpaka bati la mwisho likashuka, akaenda zake. Usiku ule baba alicheza ngoma, na mimi nilicheza. Ilikuwa furaha, siwezi kusema uongo. Lakini nikitaka kuikumbuka siku hiyo, namkuta yeye amesimama."

Tukakaa kimya. Ndipo akageuka, akauliza kwa upole: "Na wewe, Sheikh? Siku yako?"

Jibu letu lilikuwa ncha ya ulimi. Tukasema ni siku tuliyochaguliwa kuwa khatibu wa msikiti ambamo marehemu mwalimu wetu alisomesha, na tukamweleza jinsi watu walivyotushika mikono, na jinsi mama yetu, Mungu amrehemu, alivyofukiza udi nyumba nzima. Tulipofika hapo maneno yakatukauka. Kwani penye ua wetu sisi pia amesimama mtu. Mwenzetu tuliyesoma naye kitabu kimoja juu ya mkeka mmoja kwa miaka kumi na moja alikuwa akitajwa kwa kazi hiyo hiyo, na alistahili. Katika kikao cha wazee ilisemwa mbele yetu neno juu yake ambalo sisi tulijua si kweli. Hatukulisema sisi. Tulinyamaza tu. Na kunyamaza kwetu kulitosha. Ilikuwa imepita miaka tisa, na tukikutana njiani yeye hutoa salamu kamili, nasi huitikia kamili, tukapishana.

Hayo hatukumwambia mzee. Naye hakuuliza zaidi.

Usiku huo Kitale, chini ya mablanketi mawili, tulitambua kuwa suala tulilokuwa tukiliuliza lina nusu nyingine ambayo hakuna aiulizaye. Watu huuliza: ulifurahi kiasi gani? Hawaulizi: nani aliyeilipia? Askari wa mwaka 1919 aliyetoa nambari nzuri, bila ya shaka aliwaandikia jamaa zake Uingereza kuwa siku yake imefika. Pale mlimani Elgon, katika mpango wa makazi wa Chebyuk ulioanza 1971, barua moja ya kipande cha ardhi ilikuwa sikukuu katika nyumba moja na kilio katika nyumba ya pili, na ugomvi wa ugawaji huo ukaja kuzaa vita vya miaka ya 2006 hata 2008, ambavyo watu wa Bungoma huvitaja kwa sauti ya chini.

Na tusiwaonyeshe vidole Wazungu na watu wa mlimani tukajisahau. Wenyeji wa Kitale husimulia kwamba hapo mjini palikuwa na duara la mawe ambamo watumwa walipumzishwa na kuuzwa wakiwa njiani kuja kwetu pwani. Misafara iliyofika pwani kutoka bara ilipokewa kwa bunduki na vigelegele. Mabibi zetu walituhadithia habari ya kurudi misafara kama wahadithiao Idi. Hatujapata kusikia katika hadithi hizo neno moja juu ya siku hiyo ilikuwaje kwa waliofungwa shingo. Ilikuwa ni siku ile ile, jua lile lile.

Tulitoka Kitale tukapitia Kamukuywa na Webuye. Karibu na Webuye tulionyeshwa kilima cha Chetambe, ambako mwaka 1895 ngome ya Wabukusu ilivunjwa na jeshi la Waingereza lenye askari wa Kisudani, na wengi katika hao Wasudani walikuwa ni Waislamu wenzetu. Mwenyeji wetu, ambaye ni Mbukusu na ni Mwislamu, alituonyesha kilima hicho bila ya kusema lolote la ziada, nasi twamshukuru kwa adabu yake.

Bungoma tulifikia nyumbani kwake, na mama yake mzazi, ajuza mjane, akaja kutuamkia akakaa mlangoni na ushanga wa tasbihi. Mwanawe akamwambia, kwa mzaha, kwamba Sheikh ana suala lake. Mama huyu hakucheka. Alisema: "Sheikh wangu, siku yangu mimi sikuijua ilipokuwapo." Kisha akaeleza, na maelezo yenyewe ni haya tu: mvua ilinyesha jioni, mumewe akarudi sokoni na baiskeli kabla haijachanganya, watoto wote sita walikuwa ndani, hapana aliyekuwa na homa, wakala ugali na mboga ya kunde, na mumewe akasinzia kitini kabla ya Isha akaamshwa na mtoto mdogo aliyemvuta ndevu. Haikuwa Idi wala harusi, wala hapana aliyepewa kitu. "Amekufa miaka 14 sasa," alisema. "Nikitaka kurudishiwa siku moja, sitaki ya harusi yangu. Nataka ile." Hatukuthubutu kutia neno juu ya neno lake, na hata sasa hatutii.

Alfajiri ya pili tulitakiwa tusomeshe msikitini, nasi tukasomesha kisa cha Kaab bin Malik, Mwenyezi Mungu amwie radhi, kwa kuwa hatukuwa na kingine moyoni. Kisa hicho kimo katika Bukhari na Muslim na wengi wenu mwakijua, lakini tutakipitia, kwa sababu katika Hadithi za Mtume ndimo tulimoikuta siku iliyoitwa kwa jina hili hasa.

Mwaka wa tisa wa Hijra, 630 wa Miladi, Mtume alitoka kwenda Tabuk wakati wa joto na matunda yameiva. Kaab hakuwa na udhuru. Alikuwa na afya na ngamia wawili, jambo ambalo hakuwa nalo kabla. Alisema kila siku: nitatengeneza safari kesho, kesho ikawa kesho, hata jeshi likawa mbali. Mtume aliporudi, watu zaidi ya 80 walikuja na nyudhuru zao wakaapa, zikapokewa kwa dhahiri yake. Kaab alikuwa fundi wa maneno, angeweza kutunga udhuru mzuri kuliko wote. Akasema kweli: sikuwa na udhuru. Basi yeye na wenzake wawili, Murara na Hilal, wakaamrishwa wangoje hukumu ya Mwenyezi Mungu, na watu wakakatazwa kusema nao. Alitembea sokoni hapana amwitikiaye. Alipanda ukuta wa shamba la Abu Qatada, binamu yake na mpenzi wake kuliko watu wote, akamtolea salamu, hakujibiwa. Mfalme wa Ghassan akampelekea barua kumkaribisha kwake kwa heshima, akaitia tanurini. Hivyo usiku 50.

Alfajiri ya hamsini alikuwa amekaa juu ya dari la nyumba yake, dunia imemdhikia, akasikia mtu amepanda mlima wa Sal anapiga kelele kwa sauti yake yote kumpa bishara. Mwingine amepanda farasi anamjia mbio, lakini sauti ilimtangulia farasi. Kaab akaanguka kusujudu. Aliyeleta bishara akamvulia nguo zake mbili akampa, wala hakuwa na nyingine siku hiyo. Akaazima nguo za watu ndipo akaweza kwenda msikitini. Njiani watu wakamlaki makundi kwa makundi. Alipoingia, Talha bin Ubaidullah akainuka akamkimbilia akampa mkono, na Kaab alisema uzeeni kwamba hilo la Talha hajalisahau. Ndipo Mtume, uso wake unang'ara kwa furaha, akamwambia ashangilie siku iliyo bora kuliko siku zote zilizompitia tangu mama yake kumzaa.

Wanavyuoni wameuliza: vipi, na siku aliyosilimu je? Wakajibu kila mmoja kwa jibu lake, na si hapa pa kuyaeleza. Sisi lililotushughulisha asubuhi ile Bungoma ni dogo kuliko hilo. Kaab alikuwa na siku nyingine za kutaja. Alihudhuria ahadi ya Aqaba, na mwenyewe alisema hapendi kuibadilisha na Badri. Lakini siku aliyotajiwa ni siku ambayo alikuwa hana hata nguo, nguo alizovaa ni za kuazima, na mji mzima ulifurahi naye. Tukatazama katika kisa chote, nani alipata khasara kwa furaha ya Kaab? Hapana hata mmoja. Mwenye sauti alipata nguo, Talha alipata kutajwa kwa wema mpaka leo, Murara na Hilal walisamehewa pamoja naye. Hapana mtu penye ua. Na mlango alioingilia ni kuisema kweli mahali ambapo uongo ungalimfaa, naye alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Tulipofika hapo sauti yetu ilitetemeka kidogo, na watu wa Bungoma wakadhani ni baridi ya alfajiri.

Tulirudi Mombasa. Yule kijana alitujia siku ya pili. Hatukumpa fatwa nyingine. Tulimwambia amwondoshe kwanza mnunuzi, kisha amrudie dada yake mbele ya mama yao, amwambie kuwa akitaka kukataa, hapana atakayemlaumu wala kumnunia, kisha amwulize tena. Alikwenda. Dada mtu, alipoachiwa mlango, alisema anataka sehemu yake. Nyumba ikauzwa, naye akachukua fedha zake zote. Harusi ikafanywa msikitini baada ya Alasiri, na pilau ya mtaa mmoja. Shangazi mmoja wa upande wa mke hakuhudhuria kwa kuona wamedharauliwa, na maneno yake hayajesha. Kama ilikuwa siku ya furaha kuliko zote, hatukumwuliza kijana; tutamwuliza akifika umri wa mzee wa Kiminini, ikiwa sisi tutakuwako.

Na jambo letu lililobaki tulilichukua siku ya Ijumaa. Mara ya kwanza mwenzetu hakuwako. Mara ya pili alifungua mwenyewe, akasema karibu, akamwita mtoto alete kahawa. Tukamweleza lile lililosemwa katika kikao, na nani tuliyekuwa karibu naye, na kwamba tulijua si kweli tukanyamaza. Alisikiliza hata mwisho. Akasema alikuwa na khabari tangu wiki ile ile. Kisha akatuuliza watoto wetu hawajambo, na kwamba amesikia tulikuwa bara, je, mvua zikoje huko? Tukazungumza habari ya mvua, na ya mahindi, na bei yake. Ikaadhiniwa Magharibi. Tulipoaga, alitia viatu akatusindikiza mpaka pembe ya kichochoro, akasimama pale mpaka tulipokata kona.